Mbuzi wa Mpaka

Kila asubuhi Koplo Kellen alipimia chai yake kwa ndege. Alimimina kikombe, akakiweka dirishani mwa ofisi ya upelelezi ya Kasese, akasubiri. Kwanza lilisikika debe: Masereka, mlinzi wa kiwanja cha ndege, akifukuza mbuzi na ng'ombe wa watu waliokuja kulisha majani ya uwanjani. Kisha mngurumo toka upande wa ziwa, ndege ndogo ya watu wa migodi ikishuka. Debe liliponyamaza, chai ilikuwa imepoa kiasi cha kunyweka.

Asubuhi hiyo debe lilipigwa, ndege ikashuka, Kellen akanyoosha mkono. Mlango ukaingia.

Uliingia kabla ya mtu aliyeubeba. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, umelazwa juu ya kichwa, na ulipopinda kuingia ofisini ulikwaruza ukuta, ukapiga dirisha, kikombe kikaanguka kikavunjika. Chini yake alitokea mwanamke mrefu mwenye kitenge kilichojaa vumbi jekundu.

"Jambo, afande," alisema akihema. "Hii ndiyo nyumba yangu. Ingine yote banaikula."

Inspekta Semakula, mkuu wa ofisi, aliinua macho kwenye gazeti. "Koplo, mwambie mama huyu soko la mbao liko kule chini."

Karani akacheka. Kellen hakucheka. Alimsaidia mwanamke kuushusha mlango, wakauegemeza ukutani, ndipo akainama kuokota vigae vya kikombe.

"Jina lako nani, mama?"

"Wivine. Ya Butembo. Nilikuja mwaka wa vita, sitini na ine, na mutoto mugongoni." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Mutoto hakufika."

Mengine aliyatoa kidogo kidogo, Kellen akiuliza. Alikuwa mjane. Aliuza vitenge soko la Bwera na soko la Kasese. Baada ya miaka mitatu ya kulala kwenye veranda za watu alinunua nyumba Buhunga, kijiji kidogo kilichopakana na kiwanja cha ndege: vyumba viwili vya udongo, paa la bati, shamba la maharage nyuma. Sasa alikuwa ameishi humo miaka mitatu. Jana alikuwa sokoni Bwera. Alfajiri ya leo aliporudi alikuta kuta zimesimama zikitazama mbingu. Bati hakuna, boriti hakuna. Mlango ulikuwa umetupwa kwenye maharage.

"Nani amefanya?"

"Kiwanja ya ndege. Batu wanasema itakuwa kubwa sana, ndege ya wazungu wa kuangalia tembo itatua pale. Juzi niliona vijiti nyekundu, banapanda mpaka mulangoni kwangu."

"Serikali ikitaka ardhi ya mtu, inamwambia kwanza."

"Inamwambia na mukimbizi?"

Semakula ndiye aliyejibu. "Mambo ya mabati ni ya chifu."

"Mabati ni ya chifu, afande. Wizi ni wetu."

"Gari halina petroli."

"Nina miguu," alisema Kellen, akachukua kofia yake.

Kabla ya kutoka alipitisha mkono kwenye ule mlango. Haukuwa na bawaba za chuma. Ulikuwa umeshikiliwa kwa vipande vya ngozi vilivyopigiliwa misumari, na chini ya vichwa vya misumari, mahali ambapo mkono wala mvua havikufika, yalikuwa yamebaki manyoya: meupe hapa, meusi pale.

"Ngozi ya nini?"

Kwa mara ya kwanza Wivine alitabasamu. "Ya mbuzi yangu. Ile mukimbiaji."

* * *

Masereka aliketi juu ya debe lake kando ya uwanja. Alipoulizwa kuhusu vijiti vyekundu, alitema mate pembeni kana kwamba ametukanwa.

"Vigingi vyetu ni vya saruji, koplo. Vile ni vijiti vya mjinga. Umenusa rangi yake? Ile ni rangi ya kupaka lori. Hakuna mtu ameniambia kiwanja kinapanuliwa, na mimi ndiye kiwanja."

"Kwa hiyo si serikali."

"Serikali haichukui bati moja moja na kung'oa misumari vizuri hivyo. Serikali ingekuja na tingatinga." Akacheka, kisha uso ukabadilika. "Lakini mimi simhurumii mama yule. Wakati anakuja kuishi pale, mbuzi wake alinitesa! Mweupe, mabaka meusi. Alikata kamba akaingia uwanjani, na ndege ilikuwa inashuka, imebeba mkubwa. Ndege ikazunguka, ikazunguka! Nikawafuata hao wanaume waliokuwa wamekaa pale kwake. Mbuzi ya nani? Wote wakaangalia mawingu. Na katekista wao na rozari yake, naye akaangalia mawingu. Mwanamke peke yake akasema, ni yangu."

"Ukamfanya nini?"

"Kazi yangu. Nilimpeleka kwa mkubwa huyo, akamfyekesha majani ya uwanja wiki nzima." Masereka alikwaruza debe kwa ukucha. "Alifyeka vizuri, siwezi kusema uongo."

* * *

Buhunga ilikuwa ng'ambo ya mtaro tu. Nyumba ya Wivine, bila paa, ilionekana kama mtu aliyevuliwa nguo mbele za watu. Kellen alizunguka mara mbili. Alama za magurudumu mapana zilikuwa zimeponda maharage. Kwenye kona ya shamba ulisimama mti wa mpaka, ule mwembamba wenye majani marefu ambao watu wa pale hupanda penye mwisho wa ardhi ya mtu, na ambao hata ukiuchoma hauachi kuchipua.

Jirani, bibi mmoja aliyeitwa Yudesi, alikuwa akimenya ndizi uani kwake. Hakungoja kusalimiwa mara mbili.

"Lori la Abdu," alisema. "Mchana kweupe. Nilipiga kelele, akaniambia: bibi, rudi kwa ndizi zako, nimenunua."

"Kwa nani?"

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe, bibi. Wivine aliponunua ulikuwepo?"

"Nilipika." Kisu kiliendelea kumenya. "Kwetu mtu akinunua ardhi, analeta mbuzi. Anachinjwa pale pale kwenye ardhi, majirani wanakula, na baada ya hapo hakuna anayeweza kusema hakujua. Nyama inaisha, ngozi inarudi kwa aliyenunua. Ndivyo tulivyokuta."

"Na nani alinunua?"

Yudesi alitazama mlima. "Mti wa mpaka ulipandwa na Kataliko, yule katekista Mkongo. Wanaume wote walimwona."

"Sijauliza nani alipanda."

"Mwanangu, umevaa kofia ya serikali lakini wewe ni mwanamke. Mwanamke hapandi mti wa mpaka. Na mpishi hakuna anayemwita kutoa ushahidi."

"Nimekuita mimi."

Kisu kilisimama. "Basi andika kwamba mbuzi alikuwa mtamu," alisema Yudesi, "na kwamba nina hasira."

* * *

Abdu, msafirishaji wa chumvi ya Kabatoro, Kellen alimkuta kwenye kituo cha malori, chini ya gari, miguu tu ikionekana. Kellen aliipiga ile miguu kwa ncha ya kiatu.

"Toka."

Abdu alitoka na spana mkononi na rangi nyekundu, ileile ya vijiti, kwenye kucha. "Ah, afande. Ni yule Mkongo amekutuma? Mabati ni yangu! Nyumba ni yangu! Nilinunua kwa mwenyewe kabisa, Kataliko, mbele ya watu. Kiwanja kikiwa kikubwa nitajenga pale hoteli, wageni watashuka kwenye ndege na mguu mmoja uko kitandani."

"Ulijuaje Kataliko ni mwenyewe?"

"Mimi si mtoto. Nilikaa kwenye duka lake mwaka jana na mwaka juzi, na macho haya yaliona mama yule akimletea mbuzi wakati wa mavuno. Anapiga magoti, anamwachia kamba. Sasa niambie: mwenye nyumba anampelekea nani mbuzi?"

Hilo Kellen hakuwa amelitegemea. "Mabati yako wapi?"

"Kwenye gari."

"Yabaki hapo. Ukishusha hata moja, nakulaza ndani."

"Kwa kosa gani?"

"Nitalitafuta."

Kataliko alikuwa na duka la sabuni na mishumaa karibu na kanisa. Alizungumza taratibu, kwa sauti ya mtu anayesoma sala za wagonjwa, na alimpa Kellen kiti kabla ya kuombwa.

"Wivine ni dada yangu katika imani, afande. Nilimununulia pahali pa kulala kwa huruma. Ardhi nilichukua kwa mzee Baluku, sasa anakaa Bwera. Mti wa mupaka nilipanda kwa mukono huu. Naye kila mwaka ananiletea muhako, kama inavyopaswa."

"Muhako ni nini?"

"Ni mbuzi ya heshima. Kwetu, mwenye kukaa juu ya ardhi ya mwingine anamupa mbuzi moja kila mwaka, kukubali kwamba ile ardhi si yake." Alifungua mikono. "Umwulize mwenyewe. Kama minadanganya, aseme."

Kellen alirudi ofisini akauliza. Wivine alikuwa ameketi sakafuni kando ya mlango wake, kana kwamba anaulinda.

"Ndiyo," alisema. "Nilitoa. Mbuzi mbili."

Semakula alikunja gazeti. "Kwa mdomo wake mwenyewe! Koplo, funga jalada."

"Kwa nini ulitoa, mama?" Kellen aliuliza, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Umenunua nyumba, kisha unapeleka mbuzi kama mpangaji?"

"Kwetu kila mutu anatoa!" Wivine naye alipaza sauti. "Babu yangu alitoa, na ardhi alizaliwa juu yake! Kule Butembo ardhi yote iko na mukubwa wake, hata yako. Kataliko aliniambia huku ni vile vile. Akaniambia: Baluku ndiye mukubwa wa ardhi, lakini Bwera ni mbali, unipe mimi, nitamufikishia. Mi ningejua namna gani? Nilikuwa mugeni. Yeye alikuwa mudomo yangu."

Karani aliacha kugonga taipu.

"Atamfikishia," Kellen alirudia. "Afande, nipe siku ya kesho."

"Gari halina—"

"Abdu ana gari. Na ana hamu ya kujua kama amenunua nyumba au amenunua hewa."

* * *

Waliondoka asubuhi, debe la Masereka likilia nyuma yao. Abdu aliendesha kwa kasi mpaka njia panda ya Kikorongo. Nyuma, juu ya mabati, aliketi Wivine na mlango wake, na upande wa pili Kataliko na rozari yake, wakitupwatupwa na barabara ileile bila kutazamana.

"Kama amenidanganya," Abdu alisema hatimaye, "nitamvunja."

"Utamshtaki."

"Kwanza nitamvunja, halafu nitamshtaki."

Mzee Baluku alikuwa akigeuza kahawa juani, katika ua mpana nje kidogo ya Bwera. Kaka zake wawili waliishi ua huohuo, na walipoona polisi walikuja wakaketi juu ya gogo, fimbo katikati ya magoti, bila kualikwa. Baluku alimwona Wivine akishuka kwenye lori. Akarudisha macho kwenye kahawa haraka.

"Shikamoo, mzee," Kellen alisema. "Nyumba ya Buhunga ulimwuzia nani?"

"Kataliko."

Jibu lilikuja mapema mno, na halikuelekezwa kwa Kellen. Lilielekezwa kwenye gogo.

"Kwa nini tunaulizwa hayo?" alisema kaka mkubwa. "Ardhi ya baba yetu iliuzwa kwa mwanaume, tukakubali. Tulikwenda, tukala. Yamekwisha."

"Mlikula nini?"

"Mbuzi. Mtu akinunua anakula nini, samaki?"

Kellen alimgeukia katekista. "Mbuzi yule wa mpaka alikuwa wa nani?"

"Wangu," alisema Kataliko. "Mwenye kununua ndiye analeta mbuzi. Ndiyo desturi."

"Ndiyo desturi," kaka zake Baluku waliitikia.

"Alikuwa wa rangi gani?"

"Mweupe. Na mabaka meusi."

"Ndiye aliyekata kamba akaingia kwenye kiwanja cha ndege?"

Kaka mdogo alipiga paja lake. "Yule shetani! Ndege ilizunguka mpaka tukafikiri imelewa!" Wote wawili wakacheka, na hata Abdu aliyekuwa ameegemea lori akatabasamu. Kataliko pia alicheka kidogo, kwa adabu.

Kellen alingoja kicheko kiishe chenyewe.

"Basi, katekista, wewe ni mtu wa ajabu. Mlinzi alipouliza mbuzi ni wa nani, ulitazama mawingu. Mjane huyu akasema ni wake. Akafyeka majani ya kiwanja wiki nzima, juani, kwa ajili ya mbuzi wako, nawe ulipita ukienda kanisani ukamwona. Ndivyo ilivyokuwa?"

Rozari ilisimama kati ya vidole.

"Hapana, afande, tuelewane. Yule... yule mukimbiaji alikuwa wake, ndiyo. Mimi mbuzi yangu ilikuwa ingine."

"Wazee, siku ile walichinjwa mbuzi wangapi?"

Kaka mkubwa hakuwa akicheka tena. "Mmoja."

"Yupi?"

"Huyo huyo mkimbiaji. Tulisema tumle haraka kabla hajasimamisha ndege nyingine."

Kellen alikwenda kwenye lori. Wivine alikuwa tayari ameushika mlango upande mmoja. Kellen akashika upande wa pili, wakaushusha, wakaulaza chini mbele ya gogo. Kwa ncha ya kisu Kellen aliinua msumari mmoja kwenye bawaba. Manyoya meupe na meusi yalisimama juani.

"Nyama inaisha," alisema, "ngozi inarudi kwa aliyenunua. Niliambiwa na mpishi."

"Nilimupa ile ngozi mimi!" Kataliko alisimama. Sauti ya sala ilikuwa imekwisha. Hii ilikuwa ya sokoni. "Mwanamuke bila mume, mukimbizi, anakuwaje na parsele, na ardhi yake? Nani alimusemea? Mimi! Nani alipanda muti? Mimi! Bila mimi angekuwa analala veranda mpaka leo!"

"Na mbuzi wawili wa muhako?" Kellen aliuliza. "Mzee Baluku, ulifikishiwa mbuzi?"

"Mbuzi gani?" Baluku aliuliza, kwa mshangao ambao hakuna mtu angeweza kuuigiza.

Abdu aliachana na lori akaanza kuja. Kellen alinyoosha mkono mmoja tu kifuani mwake, bila kugeuka. "Utamshtaki," alisema.

Kila kitu sasa kilikuwa wazi isipokuwa kimoja, na bila hicho, kingine chote kilikuwa manyoya na kicheko. Kataliko alikijua. Alimtazama Baluku akatulia tena. "Mzee mwenyewe amekwisha kusema. Aliniuzia mimi. Amesema mbele ya ndugu zake, na mbele ya ndugu zake hawezi kusema lingine."

Baluku aliangalia kahawa. Kaka zake walimwangalia yeye. Kuuza ardhi ya baba ni jambo moja; kumwuzia mwanamke, tena mgeni, bila kuwauliza, ni jambo ambalo ua huo usingelisahau.

Wivine ndiye aliyetembea. Alipita juu ya mlango wake, akasimama karibu na yule mzee kuliko inavyopaswa.

"Tata Baluku, baba," alisema. "Siku ile, wanaume walipokuwa kwa pombe, ulikuja nyuma ya jikoni. Uliniwekea ngozi mu mikono. Ulisema neno, lakini ulisema chini chini, nikaona haya kukuomba urudie. Mi nimekaa juu ya lile neno miaka mitatu. Urudie sasa. Usiposema, narudi Butembo leo, na mulango unabaki hapa kwako, utaangalia kila siku."

"Baluku," kaka mkubwa alionya.

Mzee alitupa reki ya kahawa. Ilianguka kwa kishindo, kuku wakatawanyika.

"Baluku nini?" alifoka, na mishipa ya shingo ilimsimama. "Baluku nini! Mke wangu alipolala hospitali nilikuja kwenye gogo hilo hilo kuomba fedha. Mliniambia mnapalilia. Huyu hakuwa anapalilia! Alinunua bila kunipunja, kwa jasho la vitenge, mke wangu akatoka hospitali kwa miguu yake. Na mimi nikawaambia nimemwuzia mwanaume, kwa sababu niliwaogopa. Nikampa Kataliko mti apande, kwa sababu niliwaogopa."

Alishika pumzi. Kisha akamgeukia Wivine, na safari hii hakusema chini chini. Alisema kwa sauti iliyofika barabarani, mpaka mtu aliyekuwa akipita na baiskeli akashusha mguu.

"Nilikuambia: mama, hapa ni kwako. Nilikuuzia wewe. Sikumwuzia mtu mwingine."